Chuo Kinapomfuata Mwanafunzi

Novemba 2023, Rais Hussein Mwinyi wa Zanzibar alifungua rasmi kampasi ya IIT Madras huko Bweleo, kijiji cha pwani kisiwani Unguja. Vyuo vya IIT ndivyo vinavyogombewa kuliko vyote India katika fani za uhandisi, na kabla ya hapo hakuna hata kimoja kilichokuwa na kampasi nje ya nchi hiyo. Mkurugenzi wa kwanza wa kampasi ya Bweleo, Profesa Preeti Aghalayam, naye aliweka historia: hakuna mwanamke aliyewahi kuongoza IIT kabla yake. Masomo ya kuanzia yalikuwa sayansi ya data na akili mnemba.

Zamani mambo yalikwenda kinyume. Aliyetaka elimu ya ng'ambo alifunga mizigo. Septemba 1959 ndege iliyokodiwa kwa juhudi za mwanasiasa Tom Mboya iliwapeleka Marekani vijana 81 kutoka Kenya. Safari za namna hiyo zilikuwa za wachache, na mara nyingi zilibebwa na ufadhili. Leo ni biashara pia. Kwa hesabu za UNESCO, wanafunzi wanaosoma vyuo vya nje ya nchi zao walikuwa kama milioni 2 mwaka 2000. Miaka ishirini baadaye walipita milioni 6.

Ada zao ndizo zinazoendesha vyuo vingi vya Uingereza, ambako mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji, tena kwa mbali. Australia nayo huhesabu elimu ya wageni miongoni mwa vyanzo vyake vikubwa vya fedha za kigeni, nyuma ya madini ya chuma, makaa ya mawe na gesi.

Lakini mlango huohuo unaoingiza fedha umeanza kubanwa. Januari 2024 Kanada ilitangaza kupunguza vibali vipya vya masomo kwa takriban asilimia 35, ikilalamikia uhaba wa nyumba. Mwezi huohuo Uingereza ilianza kuwazuia wanafunzi wengi wa uzamili kwenda na wake, waume au watoto wao. Norway, iliyokuwa ikisomesha wageni bure, ilianza kuwatoza ada mwaka 2023 wale wasiotoka Ulaya.

Ndiyo maana kampasi za ugenini zinavutia: viza haihitajiki, na mzazi anamwona mwanawe wikiendi. Chuo Kikuu cha Nottingham cha Uingereza kilifungua kampasi Malaysia mwaka 2000, kisha Ningbo, China, mwaka 2004. Qatar ilijenga mtaa mzima wa vyuo pale Doha na kuvigharamia. Kigali, Carnegie Mellon ya Marekani inatoa shahada za uzamili za uhandisi kwa ushirikiano na serikali ya Rwanda.

Unafuu huo, hata hivyo, una mipaka. Bweleo ilipofunguliwa, ada iliyotangazwa kwa shahada ya kwanza ilikuwa dola 12,000 kwa mwaka. Kwa familia ya mwalimu au mvuvi wa Unguja, bila ufadhili, chuo cha namna hiyo kiko karibu kwa macho tu.

Halafu kuna suala la mwenye chuo. Kampasi ya nje hudumu maadamu makao makuu yanaitaka. Chuo Kikuu cha New South Wales cha Australia kilifungua kampasi Singapore mwaka 2007 kikaifunga baada ya muhula mmoja, kwa kukosa wanafunzi wa kutosha. Texas A&M ilikuwa Doha tangu 2003; Februari 2024 bodi yake, iliyokaa Texas, ikapiga kura ya kuondoka ifikapo 2028.

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na mfano wake, na kwa maoni ya wengi, mwandishi huyu akiwamo, ulikuwa bora. Kati ya 1963 na 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiliunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mtanzania aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Mkenya aliyetaka sheria alikwenda Dar. Uhandisi ulikuwa Nairobi. Siasa za mataifa mapya zikakivunja. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, lakini kutambuana kwa shahada kunakwenda polepole kuliko matamko.

Kwa hiyo mzazi anayeshawishika na tangazo la chuo cha kigeni, kiwe jirani au ng'ambo, asianze na picha za majengo. Aulize kwanza, kabla ya kulipa ada, kama shahada hiyo inatambuliwa. Kwa Tanzania wa kuulizwa ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Aulize pia nani atamaliza kumsomesha mwanawe iwapo chuo kitafunga virago mwaka wa pili, na jibu alipate kwa maandishi.