Umeumia kipupwe hiki? Usikimbie, lakini pia usilale

Ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa Julai. Manyunyu yanaanguka juu ya mabati ya Kayole na ukungu umefunika taa za barabara. Wewe, msomaji, umeamka kama kawaida yako na kuvaa viatu vya kukimbilia, lakini unapoteremka ngazi za ploti unahisi kana kwamba mtu amekubana nyuma ya kisigino kwa koleo. Unasimama. Unajaribu tena. Baada ya ngazi kumi hivi maumivu yanalegea, unajiambia kwamba ni baridi tu, nawe unashika njia.

Hapo ndipo kosa linapoanza.

Wakazi wengi wa mitaa ya Eastlands, kuanzia Umoja na Donholm hadi Dandora na Kariobangi, ni wanariadha pasipo kujiita hivyo. Siku za kazi huendesha baiskeli hadi Industrial Area ili kuokoa nauli, na Jumapili hukimbia na wenzao kabla magari hayajajaa barabarani. Mbio za Nairobi Marathon, ambazo zilianza mwaka 2003, hufanyika mwezi wa Oktoba. Kwa hivyo Juni, Julai na Agosti, miezi ambayo alfajiri za Nairobi huweza kushuka hadi nyuzi 10, ndiyo miezi ambayo mtu huongeza kilomita. Baridi na mzigo mpya hufika pamoja, na lawama zote huangukia baridi.

Ni kweli kwamba misuli hukaza kukiwa na baridi, na anayetoka kitandani akaanza mbio papo hapo anajitafutia taabu. Tembea kwa haraka dakika 10 kwanza, ukiwa umevaa suruali ndefu, ndipo uanze kukimbia polepole. Hata hivyo, kabla ya kulaumu hewa, hesabu ulichokifanya wiki tatu zilizopita. Je, uliongeza siku ya kukimbia? Ulihama kutoka kiwanja cha udongo ukaanza kukimbia juu ya lami ya Jogoo Road? Ulinunua viatu vya mtumba ambavyo soli yake imekwisha upande mmoja? Mara nyingi jibu limo humo.

Mwendesha baiskeli ana hatari moja ya ziada ambayo wengi hawaijui. Moyo na mapafu havijui kama unakanyaga pedali au unakimbia, kwa hivyo mtu aliyezoea kutoka Komarock hadi mjini kwa baiskeli hujikuta anaweza kukimbia kilomita 10 bila kuhema sana. Lakini juu ya baiskeli uzito wako hubebwa na kiti. Unapokimbia, kila hatua huutupia mguu mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kano ya kisigino, yaani ule mshipa mnene unaounganisha kigimbi na kisigino, hupata damu kidogo na huchukua miezi mingi kuzoea kazi mpya. Una mapafu ya mkimbiaji, ila miguu yako bado ni ya mtembea kwa miguu.

Sasa umeumia. La kwanza ni kujua ni jeraha gani, kwa maana si yote yanayotibiwa kwa njia moja.

Ikiwa ulitumbukiza mguu katika shimo la majitaka ambalo kifuniko chake kiliibwa kikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma, na kifundo kikafura, jaribu kutembea hatua nne. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, waliandika kanuni ambayo ingali inatumika duniani kote: asiyeweza kukanyagia mguu huo hatua nne, au anayeumia akibonyezwa ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, anahitaji kupigwa eksrei. Usimpelekee mkandaji mguu wa namna hiyo kabla ya kujua kama mfupa ni mzima.

Ikiwa maumivu yako kwenye muundi, nawe unaweza kuweka ncha ya kidole juu ya mahali pamoja penye uchungu, tena panauma hata umelala, huenda mfupa una ufa. Huo haujaribiwi kwa ushujaa. Kwa kawaida hutaka wiki sita hadi nane bila kukimbia kabisa, na anayeendelea kuukanyagia anaweza kuuvunja. Na ukisikia mlio wa ghafla nyuma ya kisigino, kisha ukashindwa kusimama kwa vidole, nenda hospitali siku iyo hiyo. Wengi wetu hapa tuko karibu na Mama Lucy Kibaki. Ukipewa barua ya kwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, usiikunje ukaisahau mfukoni.

Kuhusu vidonge, lazima nikuseme kidogo. Tabia ya kununua diklofenaki, kumeza viwili bila kula na kuingia barabarani ni mbaya. Dawa hiyo hufunika maumivu ambayo ndiyo taarifa pekee uliyo nayo juu ya mguu wako, na ikitumiwa ovyo huchubua tumbo na kudhuru figo. Kuna dawa nyingine ambayo hushukiwa na wachache: siprofloksasini, ile ambayo watu hapa huifahamu kama Cipro na kupewa mara kwa mara kwa ajili ya homa ya matumbo. Tangu mwaka 2008 idara ya dawa ya Marekani imeagiza dawa za jamii hiyo ziwekewe onyo kali kwamba zinaweza kudhuru kano, hasa ya kisigino, hata kuikata. Kama uliimeza wiki za karibuni na kisigino kikaanza kuuma, acha mazoezi na umwambie daktari.

Kuweka barafu je? Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, ambaye mwaka 1978 alieneza shauri la kupumzika, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua mguu, aliandika mwenyewe mwaka 2014 kwamba barafu huenda ikachelewesha kupona. Yafaa kutuliza uchungu siku ya kwanza, basi. Na kinyume chake, usiingize jiko la makaa chumbani kwa nia ya kulipasha goti joto. Gesi yake haina harufu, nayo huua familia nzima usingizini kila msimu wa baridi.

Ikiwa ni ile kano ya kisigino, una bahati ya kuishi ghorofa ya nne pasipo lifti. Mwaka 1998 daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, na wenzake waliwapa wanariadha 15 wa ridhaa, watu kama wewe, zoezi la ngazi, na baada ya wiki 12 wote walikuwa wamerudi kukimbia. Tafiti zilizofuata hazikumfaa kila mtu vizuri hivyo, lakini zoezi lenyewe limebaki. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa vidole, ukishika ukuta. Uache mguu wenye maumivu peke yake, uteremshe kisigino polepole hadi kipite chini ya ukingo, kisha ujiinue kwa mguu mzima. Fanya mara 15, pumzika, na urudie hadi raundi tatu, asubuhi na jioni. Kama panapouma ni pale chini kabisa, kano inaposhika mfupa, fanyia sakafuni bila kupita usawa wa ngazi. Itauma kidogo. Kati ya sufuri na kumi, maumivu ya tatu yanakubalika, mradi kesho yake asubuhi mguu usiwe umekaza kuliko jana.

Na baiskeli? Usiifungie stoo. Kukaa kitandani wiki sita kutakunyang'anya pumzi na misuli, na kutakurudisha kulipa nauli ya matatu inayopanda kila mvua inaponyesha, jambo ambalo kwa mwenye mshahara mdogo ni jeraha la pili. Kwa mwenye kisigino kibovu, sogeza mguu mbele ili pedali ikae chini ya katikati ya unyayo, si vidole. Kwa mwenye maumivu mbele ya goti, tazama kiti kwanza, kwa sababu waendeshaji wengi wa Black Mamba hukishusha mno ili wafikie ardhi. Kaa juu ya kiti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Goti linapaswa kunyooka. Likibaki limekunjwa, mwite fundi na spana yake. Na kwa kuwa baiskeli hiyo haina gia, mlimani shuka uisukume. Hakuna anayekuhesabia.

David Rudisha aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London mwaka 2012, dakika 1 na sekunde 40.91. Mwaka uliofuata aliumia goti, akakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Mwaka 2014 alirudi akapata fedha tu huko Glasgow, na wengi wakadhani amekwisha. Alichukua dhahabu Beijing mwaka 2015, na nyingine ya Olimpiki Rio mwaka 2016.

Wewe huna miaka miwili, una Oktoba. Basi tuhesabu: wiki 12 kutoka katikati ya Julai zinakufikisha wiki ya pili ya Oktoba, na mbio ni mwishoni mwa mwezi. Kilomita 42 zisahau mwaka huu. Ukiweza kutembea kwa kasi nusu saa bila maumivu, anza kukimbia dakika moja na kutembea mbili, mara kumi, siku moja ndiyo na moja sivyo, na siku za katikati uende kazini kwa baiskeli. Mbio hizo zina kilomita 10 pia, na 5. Fomu ya kilomita 10 unaweza kuijaza, lakini ingoje asubuhi ile utakapoteremka ngazi zote za ploti bila kushika ukuta.