Tunzo na Lawama: Riziki ya Watengeneza Maudhui Mtandaoni

Mtengeneza maudhui ni mtu anayeandaa video, sauti, picha au maandishi na kuyaweka mtandaoni, yawe mafunzo ya upishi, uchambuzi wa soka, vichekesho au simulizi. Na kwa kuwa mtazamaji hatoi chochote isipokuwa bando lake, humwia rahisi kudhani kwamba gharama za kazi hiyo zimekwisha kulipwa na kampuni yenye mtandao.

Malipo hayo yapo, lakini si kwa kila mtu wala si kwa kiwango kimoja. Tangu mwaka 2018, mwenye chaneli ya YouTube anayetoa video za kawaida hagawiwi mapato ya matangazo mpaka awe na wafuasi 1,000 na video zake ziwe zimetazamwa kwa saa 4,000 ndani ya miezi 12. Akivuka kizingiti hicho hupata asilimia 55 ya fedha za matangazo, nazo hazitumwi mpaka zifike dola 100 za Marekani. Linalowaumiza zaidi wanaotumia Kiswahili ni kwamba makampuni hulipia matangazo kwa kuangalia nchi aliyomo mtazamaji na uwezo wake wa kununua, hivyo video iliyopendwa sana Mbeya au Kisumu huingiza fedha kidogo kuliko ambavyo ingeingiza kama watazamaji idadi ileile wangekuwa Marekani. Serikali nazo zina fungu lao: kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zilidai ada ya leseni ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka, ingawa baadaye ilipunguzwa, na Kenya, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, ilianza kukata kodi ya asilimia 5 katika malipo ya maudhui ya kidijitali.

Hapo ndipo msaada wa watazamaji unapoingia. Mwaka 2013 mwanamuziki Jack Conte na mwenzake Sam Yam walianzisha Patreon, mtandao ambao mashabiki huutumia kumchangia msanii kila mwezi; Afrika Mashariki kazi hiyo hufanywa kwa wepesi zaidi na namba ya simu iliyoandikwa chini ya video, au na zawadi za TikTok, ambazo mtazamaji huzinunua kwa fedha halisi na kuzirusha wakati wa matangazo ya moja kwa moja.

Anayepokea huandamwa na maneno: amefulia, ni ombaomba, akatafute kazi. Ajabu ni kwamba katika jamii hiyohiyo, ukumbini kwenye taarabu, shabiki huinuka mbele za watu, akacheza mpaka jukwaani na kumtunza mwimbaji noti mkononi, wala hakuna anayeuliza kama mwimbaji ana njaa. Pengine tofauti ni kwamba jasho la mwimbaji huonekana, ilhali saa za kuandika, kurekodi na kuhariri hupita chumbani. Tena biashara ya mtandao humlazimisha mtu aonekane amefanikiwa, kwa sababu makampuni hupenda kumpa tangazo anayependeza. Kwa hiyo mwenye deni la kodi ya nyumba hupiga picha akiwa amevaa nguo za kuazima, na siku anapokiri shida yake, picha zilezile hutolewa kuwa ushahidi kwamba anadanganya.

Lawama nyingine zina haki. Wapo waliochangisha fedha za matibabu wakazitumia kwa mambo mengine, na mchango wa namna hiyo unadai hesabu, kama unavyodai mchango wa harusi au wa msiba, kwa kuwa umeombwa kwa lengo lililotajwa. Tunzo ya kazi iliyokwisha kutazamwa ni jambo jingine: ni ujira uliotolewa kwa hiari, na aliyeupokea anaweza kununulia kamera, unga au viatu vipya bila kulazimika kumwonyesha mtu risiti.