Begi Mgongoni, Pesa Mkononi mwa Nani?

Hallunda ni kituo kimoja kabla ya mwisho wa njia namba 13 ya treni ya chini ya ardhi, kusini-magharibi mwa Stockholm. Kilifunguliwa mwaka 1975, Uswidi ilipokuwa imetoka tu kukamilisha mpango wake wa kujenga nyumba milioni moja kati ya 1965 na 1974, na magorofa ya mpango huo ndiyo yanayokupokea ukishuka. Mtaa uko chini ya manispaa ya Botkyrka, moja ya zile zenye wahamiaji wengi zaidi nchini. Utasikia Kituruki, Kisuriani, Kiarabu na Kisomali kabla hujafika sokoni, na ukitega sikio, Kiswahili cha Kivu au cha pwani.

Kwa anayefuatilia biashara ya safari, mtaa kama huu unafaa kwa sababu wateja wawili tofauti wanapanda treni ileile. Yupo kijana wa Kiswidi aliyemaliza sekondari, begi la lita 60 mgongoni, anayekwenda kuanzia Nairobi na kushuka kwa mabasi, treni na boti mpaka Livingstone. Na yupo mama wa Kikongo au wa Kitanzania mwenye masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, kahawa na chokoleti zimebanwa katikati ya nguo za watoto wa dada yake. Kijana amehesabu kila krona ili asiitumie. Mama amehesabu kila kilo ili asikose zawadi ya mtu. Sekta nzima, kuanzia vitabu vya mwongozo mpaka bima, imejengwa kumhudumia huyo wa kwanza, na huyu wa pili, anayeijua njia kuliko wote, hana nafasi ndani yake.

Sekta yenyewe ina umri wa mtu mzima. Tony na Maureen Wheeler walichapa kijitabu cha Across Asia on the Cheap mwaka 1973, na kikazaa kampuni ya Lonely Planet. Mwaka 1977 ikafuata Africa on the Cheap ya Geoff Crowther. Njia ya mabasi ya London hadi Kathmandu ilikatika mwaka 1979, Iran ilipopinduka na majeshi ya Kisovieti yakaingia Afghanistan, lakini malori ya watalii, yale yaliyofungwa viti na turubai, yaliendelea kukata Afrika. Wenye nia ya kuingia katika biashara hii wakumbuke pia hasara zake. BBC iliinunua Lonely Planet kwa awamu mbili, 2007 na 2011, kwa jumla ya takribani pauni milioni 130, ikaiuza mwaka 2013 kwa milioni 51.5. STA Travel, wakala mkubwa wa vijana duniani, ilifilisika Agosti 2020 baada ya UVIKO-19 kufunga mipaka. Msafiri wa bei nafuu siku hizi anapata habari bure kwenye simu, na aliyekuwa akimuuzia habari hizo ameumia.

Upande wa Uswidi, waliofaidi kwa utulivu ni wauza vifaa. Haglöfs ilianza na mabegi mwaka 1914, na mwaka 2010 ikanunuliwa na Asics ya Japani. Fjällräven ilianzishwa na Åke Nordin mwaka 1960 huko Örnsköldsvik, na begi lake dogo la Kånken la mwaka 1978, lililobuniwa kuwaokoa watoto wa shule na maumivu ya mgongo, leo linaonekana mpaka madukani Nairobi, halisi na feki. Mazingira ya nyumbani yanasaidia: sheria inampa kila mfanyakazi siku 25 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na desturi ya allemansrätten inamruhusu mtu kupiga hema usiku mmoja karibu popote porini bila kuomba ruhusa. Mtoto aliyekulia humo haogopi kulala kwenye kambi ya Iringa. Kodi ya tiketi za ndege, iliyowekwa Aprili 2018 kwa hoja ya mazingira, nayo imefutwa tangu Julai 1, 2025, na safari ya kupitia Addis Ababa, Istanbul au Doha imepungua mzigo kidogo.

Sasa tumfuate kijana wetu mpaka kwetu, tuone krona zake zinaangukia wapi.

Kabla hajanunua hata chapati, Kenya inamtoza dola 30 za kibali cha kielektroniki kilichochukua nafasi ya viza Januari 2024. Tanzania inachukua dola 50 za viza. Akitaka kuvuka kwenda Zanzibar, bima ya lazima iliyoanza Oktoba 2024 ni dola 44. Jumla ni dola 124, na kwa bei ya gesti ya kawaida karibu na stendi, tuseme shilingi 25,000 za Tanzania kwa usiku, hizo ni karibu siku 12 za malazi. Hakuna ubaya serikali kukusanya chake. Lakini tuelewe kwamba mwenye gesti, mama lishe na dereva wa bajaji wanagawana kilichobaki baada ya mlango, uwanja wa ndege na tovuti ya kuhifadhi vyumba, ambayo kwa kawaida hukata asilimia 15 au zaidi ya bei ya chumba.

Kilichobaki hicho, hata hivyo, si kidogo kama tunavyodhani. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea wageni wa kimataifa milioni 2.14 na kuingiza takribani dola bilioni 3.9, yaani wastani wa dola 1,800 na ushee kwa kila mgeni. Msafiri wa begi akitumia dola 40 kwa siku na kukaa mwezi mzima, ameacha dola 1,200. Hajafikia wastani, lakini mwenye wastani alikaa siku chache, akalipa kifurushi huko Ulaya, na sehemu ya fedha zake haikupanda ndege kuja Afrika. Dola 1,200 za mwenye begi zinalipwa taslimu au kwa simu, kwa vipande vidogo, Mbeya, Kigoma na Lushoto, mahali ambapo magari ya safari hayasimami. Kondakta anapata chake, muuza vocha anapata chake, fundi viatu naye hakosi.

Angalia treni ya TAZARA, ambayo kwa wasafiri hawa ni kivutio kinachojitegemea. Reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Wachina kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976. Behewa la daraja la kwanza lina vyumba vya vitanda vinne, wanaume mbali na wanawake, na wanaosafiri pamoja wakitaka kukaa pamoja hununua chumba kizima. Ratiba ni ya kubahatisha, na hapo ndipo biashara inapozaliwa: treni ikisimama kituo kidogo usiku, wanawake wanakuja madirishani na ndizi, karanga, kuku na mchele wa kwenye mifuko. Hakuna tovuti inayokata kamisheni katika dirisha la treni. Mwaka 2025 kampuni ya CCECC ya China ilipewa uendeshaji wa reli hiyo kwa mkataba wa miaka 30 wenye uwekezaji wa dola bilioni 1.4, hasa kwa ajili ya shaba. Ni juu ya serikali mbili kuhakikisha mabehewa ya abiria hayasahauliki.

Vituo vya biashara hii vinajulikana na wanaoijua: Meserani Snake Park nje kidogo ya Arusha, Kisolanza kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, Red Chilli Kampala, Bunyonyi Overland kusini-magharibi mwa Uganda. Lori moja la watalii likiingia jioni, soko la kijiji linauza nyanya, vitunguu na mkaa kwa wapishi wasiopenda kupatana sana. Ukitaka kuona uchumi wa utalii usio na zulia jekundu, nenda huko.

Lakini bei nafuu ina mahali inapotoka, na si mahali pazuri kila mara. Mlima Kilimanjaro ndio mfano ulio wazi. Ada za hifadhi ni dola 70 kwa siku, kambi dola 50 kwa usiku, uokoaji dola 20. Kwa njia ya Machame ya siku sita hiyo ni dola 690, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika takribani dola 814. Hapo hujalipa chakula, hema, usafiri, mwongozaji, mpishi wala wagumu, yaani wapagazi wa mlimani. Ada hizo hazipunguzwi hata shilingi. Kwa hiyo anapojitokeza wakala wa Moshi au Arusha akimwahidi kijana mlima kwa bei ya kutupa, kilichopunguzwa ni ujira wa mgumu anayebeba mpaka kilo 20 za mzigo wa kampuni, chakula chake na blanketi lake. Vivyo hivyo kwa papasi, dalali wa wageni bandarini Zanzibar: kamisheni yake hailipwi na hoteli kwa hisani, inaingizwa kwenye bei ya mgeni. Mgeni makini angeuliza mgumu analipwa kiasi gani kabla ya kuuliza punguzo.

Watunga sera wetu wanaelekea kwingine. Rwanda ilipandisha kibali cha sokwe kutoka dola 750 hadi 1,500 mwaka 2017. Uganda iko kwenye 800 tangu Julai 2024. Maasai Mara inatoza wageni dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba. Hoja ni kwamba wachache wanaolipa sana hawachoshi mbuga. Kwa sokwe nakubali. Kwa fukwe, masoko, treni na maziwa sioni mantiki, maana huko hakuna mnyama wa kuchoka, ila kuna gesti zenye vyumba vitupu.

Turudi Hallunda, ambako kuna swali ambalo mabenki na mabalozi hawajaliuliza vya kutosha. Nani angemhudumia kijana wa Kiswidi vizuri kuliko jirani yake anayejua Kiswidi, Kiswahili na shangazi mwenye nyumba ya vyumba vitano Moshi? Kikwazo cha kwanza kipo Uswidi. Chini ya sheria ya safari za vifurushi iliyoanza Julai 1, 2018, anayeunganisha huduma mbili au zaidi za aina tofauti kwa safari moja, mathalani chumba na usafiri, anahesabika mwandaaji wa kifurushi, na anatakiwa kuweka dhamana kwa mamlaka ya Kammarkollegiet ili wateja wake wasipotee akifilisika. Sheria nzuri kwa mteja, nzito kwa mwenye mtaji wa krona 25,000, ambao ndio mtaji wa chini wa kufungua kampuni ya hisa nchini humo.

Kikwazo cha pili kipo nyumbani. Uswidi inaruhusu uraia pacha tangu 2001 na Kenya tangu katiba ya 2010. Tanzania hairuhusu. Mtanzania wa Hallunda aliyechukua pasi ya Kiswidi ni mgeni kisheria, na amri ya Julai 2025 iliyozuia wasio raia kufanya biashara 15 imetaja uongozaji watalii. Mkenya wa jengo la pili anaruka kikwazo hicho bila jasho.

Mlango upo, ila ni mwembamba. Kuuza huduma moja pekee, chumba tu, au masomo ya Kiswahili tu, hakukufanyi kuwa mwandaaji wa kifurushi. Chama kinachoandaa safari mara mojamoja kwa wanachama wake bila faida nacho kina msamaha wake. Vyama vya elimu ya watu wazima kama ABF huendesha vikundi vya kujisomea, na Kiswahili cha stendi na sokoni kinafundishika humo kabla begi halijafungwa. Anayetaka kwenda mbali zaidi ashirikiane na kampuni yenye leseni Arusha au Mombasa, mkataba uandikwe, na malipo ya wagumu yawekwe ndani ya mkataba huo kwa tarakimu. Na kabla hujampokea mteja wa kwanza krona yake, piga simu Kammarkollegiet uulize kama unachouza ni kifurushi.