Kuegesha Kinyumenyume Nairobi

Gari linaloegeshwa mbele ya ukuta lazima lirudi nyuma mara moja, ama wakati wa kuingia ama wakati wa kutoka. Rivasi hiyo haikwepeki. Dereva anayejiuliza aingie kwa kichwa au kinyumenyume katika maegesho ya Prestige au Junction, kando ya Barabara ya Ngong, anachagua tu ataipiga saa ngapi. Nyakati hizo mbili hazilingani. Anapofika, ametoka kuipita ile nafasi na kuikagua kwa macho: hamna mtu, hamna jiwe, hamna toroli ya supamaketi iliyoachwa katikati. Anarudi mahali pasipopita mtu. Anapoondoka mambo yamegeuka. Gari limekaa saa mbili au tatu, jirani wa kushoto si yule aliyemwacha, na huko nyuma ni njia ya kila mtu: magari yanayotafuta nafasi, akina mama na watoto wao, vijana wa bodaboda wanaowahi kupeleka vyakula.

Sababu ya pili imo katika usukani. Magurudumu yanayokata kona ni ya mbele. Ya nyuma hufuata tu, tena kwa njia ya mkato. Ndiyo maana basi linalobana kona huweza kupitisha gurudumu la mbele salama kisha likapandisha la nyuma kwenye ukingo. Anayeingia kwa kichwa katika nafasi iliyokaa wima kwa njia hukumbana na jambo lilo hilo. Kichwa kimeshaingia, lakini ubavu wa nyuma unalivuta bampa la jirani, kwa hiyo inambidi arudi, ajitanue, aingie tena. Akiingia kinyumenyume, magurudumu yasiyokata kona ndiyo yanayotangulia. Yakishafika kwenye mdomo wa nafasi, kichwa huzungushiwa nje ambako kuna uwazi. Foklifti za magodauni ya Industrial Area zimeundwa kwa kanuni hiyo hiyo, kwani hukata kona kwa magurudumu ya nyuma ili ziweze kupenya vichochoro vya shehena. Gari la kawaida likiwa rivasini hufanya kazi kama foklifti.

Vipimo vinaonyesha kwa nini hili si jambo dogo. Toyota Fielder ina upana wa mita 1.7 hivi na urefu wa karibu mita 4.4. Ikiwekwa katikati ya nafasi yenye upana wa mita 2.5, kila upande hubaki sentimita 40, ambazo ndani yake mlango unapaswa kufunguka na mtu mzima atoke. Prado hubakisha 30. Katika vyumba vya chini vya maghorofa ya Kilimani, ambako nguzo za saruji zimesimama pale hasa gari linapotaka kupinda, anayeingia kinyumenyume huhitaji njia nyembamba kuliko mwenzake na kwa kawaida humaliza kwa mkupuo mmoja au miwili. Rangi za magari mbalimbali zilizobaki kwenye nguzo hizo zinatoa ushahidi wa kutosha.

Hoja ya macho huelezwa mara nyingi kwa njia isiyo sahihi. Husemwa kwamba dereva yuko mbali zaidi na mkia kuliko kichwa cha gari. Kwa gari dogo tofauti hiyo ni ndogo, maana kiti chake kiko karibu na katikati. Ni kwenye pikapu ndefu ndipo umbali wa nyuma unapozidi waziwazi. Kinachomwangusha dereva anayetoka kinyumenyume ni vizuizi: nguzo pana za kioo cha nyuma, vichwa vya abiria, mizigo, shingo isiyogeuka kikamilifu, na juu ya yote magari ya pande mbili. Vitz iliyobanwa kati ya Prado na matatu haioni chochote ubavuni mpaka mkia wake uwe tayari umeshatokeza njiani. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kwa sekunde moja, muda ambao dereva huyo hutumia kugeuza tu kichwa kutoka kioo cha kushoto hadi cha kulia. Anayetoka kwa kichwa ana kioo kipana mbele yake na anaweza hata kuinama juu ya usukani ili achungulie.

Mitaani hatari kubwa ni kwa watoto. Katika Jamhuri Estate na Woodley, njia ya ndani ya mtaa ndiyo pia uwanja wa mpira, wa kamba na wa baiskeli ndogo. Asubuhi, gari lililolala kichwa kikitazama nyumba hutolewa kinyumenyume saa ile ile watoto wanapoelekea shule, na mtoto wa miaka minne haonekani kwenye kioo cha ndani akiwa karibu na bampa. Nchini Marekani, mamlaka ya usalama barabarani ilikadiria kwamba ajali za magari yanayorudi nyuma huua watu 210 hivi kila mwaka na kujeruhi 15,000, na karibu theluthi ya wanaouawa ni watoto wasiofika miaka mitano. Makadirio hayo yalitumika kutetea sharti kwamba kila gari jipya dogo linalouzwa huko kuanzia Mei 2018 liwe na kamera ya nyuma. Kanuni za barabarani za Uingereza zililikabili tatizo hilo kwa njia nyepesi zaidi: humshauri dereva aingie nyumbani kwake kinyumenyume na atoke kwa kichwa.

Wamarekani wenyewe, hata hivyo, hawana mazoea hayo. Mwaka 2015 chama chao cha wenye magari, AAA, kilitangaza kwamba madereva 76 kati ya 100 huingia kwa kichwa. Maegesho yao ni mapana na wanaweza kumudu. Japani ni kinyume kabisa. Tangu mwaka 1962 sheria ya huko humtaka mwenye gari athibitishe kwamba ana mahali pa kuliweka, na mahali penyewe aghalabu ni kipande kilichobanwa kati ya nyumba mbili. Kurudi nyuma huko ni adabu ya kawaida. Maegesho ya maduka hujaa magari yaliyopangwa vichwa vyote vikitazama njia. Si ajabu basi kwamba Toyota iliweka kamera ya nyuma kwenye Soarer ya soko la Japani mwaka 1991, miaka mingi kabla ya Marekani kuilazimisha.

Jambo hili linaigusa Nairobi moja kwa moja, kwa sababu magari mengi ya jiji hili yamewahi kuegeshwa Japani. Kenya haipokei gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo mengi yanayoshuka Bandari ya Mombasa huja na kamera na mistari yake ya kuongoza ikiwa bado inafanya kazi. Huja pia na lugha yake. Madereva wengi wa Nairobi wameizoea ile sauti ya mwanamke inayosema kwa Kijapani, kila gari linapowashwa, kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Wanaisikia kila asubuhi wala hawajui inalalamikia nini. Mistari ya kamera haihitaji kutafsiriwa. Ila lenzi iliyojaa tope la masika haina faida, na hata kamera safi huonyesha kilicho nyuma vizuri kuliko kinachokuja kwa kasi kutoka ubavuni. AAA ilipopima vifaa vya kuonya juu ya vyombo vinavyopita nyuma, vilishindwa kuitambua pikipiki karibu mara moja katika kila mbili. Kwa mji wa bodaboda matokeo hayo yanatosha kumfanya dereva asikiamini kifaa peke yake.

Kwa sehemu kubwa, msaidizi wa rivasi jijini ni binadamu. Soja wa lango husimama nyuma ya gari, mkono mmoja ukizungusha usukani wa hewani: "Rudi, rudi, kata kulia, kata yote, nyoosha, rudi, wacha!" Penye "wacha" hupiga buti kwa kiganja. Kazi hii ina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wasio na makao walijipatia riziki katikati ya jiji kwa kuwaonyesha wenye magari nafasi zilizo wazi na kuyalinda magari hayo, na ni kwa ajili yao kasisi Mholanzi, Arnold Grol, alianzisha Undugu Society of Kenya mwaka 1973. Kasoro ya mwongozaji ni mahali anaposimama. Akiwa katikati ya mkia, dereva hamwoni, anaisikia tu sauti. Naye ndiye wa kwanza kubanwa ukutani mguu ukiteleza. Afaa asimame pembeni, uso wake ukionekana kwenye kioo cha ubavu, na akipotea kiooni gari lisimame.

Katika shule za udereva, mwanafunzi hukutana na maegesho kwanza mezani, kwenye mji mdogo wa mfano, akisukuma kigari cha kuchezea na kueleza tofauti ya kuegesha kwa mshazari na kuegesha sambamba na ukingo. Zoezi hilo humfundisha sheria na majina vizuri. Tatizo ni kwamba mezani anauona mji mzima kutoka juu, na hakuna gari la jirani linalomzibia macho.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo kuingia kwa kichwa ndiko kunakofaa. Mwenye kununua mzigo wa mwezi anataka buti likae upande wa njia, na Prado iliyobeba tairi la akiba mlangoni mwa nyuma haifunguki kabisa ikiwa imesogezwa ukutani, kwa kuwa mlango huo hufunguka kwa ubavu. Penye madirisha ya ofisi za chini, moshi wa magari kumi yanayowashwa jioni huingia moja kwa moja kwenye meza za watu. Ndiyo sababu baadhi ya majengo hubandika kibao cha kukataza rivasi, na ukuta wenye weusi nyuma yake hueleza kilichotangulia kibao hicho. Kwa upande mwingine, betri ikifa, gari lililotazama nje huwa limesogeza boneti karibu na atakayelisaidia kwa waya za chaji, ilhali lililotazama ukuta huhitaji kusukumwa kwanza. Depo za mafuta na ofisi nyingi za mashirika ya kimataifa huamuru magari yote yatazame lango, ili moto au hatari nyingine ikizuka pasiwe na mtu anayehangaika na gia.

Katikati ya jiji uamuzi hauko mikononi mwa dereva. Nafasi nyingi za barabarani zimechorwa kwa mshazari, zikielekea upande magari yanakokwenda, na gari huingia humo kwa kichwa tu. Mpango huo una maana yake: ukingo wenye urefu ule ule hubeba magari mengi kuliko yangepangwa mstari mmoja, na anayeingia haizuii foleni kwa muda mrefu. Gharama huja wakati wa kutoka, mkia ukisogea kipofu kwenye barabara yenye mabasi. Barabara zenyewe zina upana wa kuvumilia hayo. Inasimuliwa kwamba Kenyatta Avenue, ambayo zamani iliitwa Sixth Avenue na kisha Delamere Avenue, ilipimwa ili gari la maksai liweze kugeuka humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2020, mamlaka ya huduma za jiji, Nairobi Metropolitan Services, iliondoa sehemu ya maegesho hapo, na kwenye Muindi Mbingu na Wabera, ili kuwapanulia nafasi wanaokwenda kwa miguu. Nafasi zilizobaki zinagombewa zaidi. Na kwa kuwa ada ya kaunti hulipwa kwa siku nzima, wala si kwa saa, aliyepata nafasi asubuhi hana haraka ya kuiacha.

Upo mchoro wa tatu. Seattle na Tucson, Marekani, zina mitaa ambayo mshazari umegeuzwa: dereva hupita nafasi, husimama, huwasha taa ya ishara, hurudi ndani, na jioni hutoka akiwa anatazama barabara. Buti huwa upande wa njia ya miguu, na milango ikifunguliwa humwelekeza mtoto kwenye ukingo badala ya kumpeleka barabarani. Tucson iliupendelea kwa ajili ya waendesha baiskeli, kwa sababu dereva anayetoka huwaona. Kwa Nairobi, kazi ya rangi ingekuwa rahisi. Kigumu ni ile dakika moja ya kusimama. Mpango huo humhitaji anayefuata abakize urefu wa gari moja nyuma ya aliyewasha ishara, na saa sita mchana kwenye Moi Avenue matatu huwa imeshalifikia bampa lake kabla hajatia gia ya nyuma. Mchoro kama huo ungeanza vizuri kwenye mitaa ya njia moja isiyopitisha matatu, au ndani ya maegesho yenye soja wa kuwasimamisha wanaofuata.