Orodha ya Maskini Isomwe Mbele ya Kijiji

Kila msaada unapofika katika nyanda za juu za Kigoma, uwe wa Serikali au wa wahisani kutoka ng'ambo, swali la kwanza huwa ni hili: nani apewe? Kwa wananchi wa Kibondo na Kasulu swali hilo si dogo. Linaamua ni mtoto yupi ataendelea na masomo, na ni ajuza yupi atalala na njaa ilhali fedha zilizokusudiwa kumsaidia zimekwenda kwa mwenye ng'ombe na nyumba ya bati. Tunaona kwamba wakati umefika wa kulijadili suala hili kwa uwazi, kwa sababu jibu lake ndilo kipimo cha kweli cha utawala wa ustawi wa jamii.

Historia ya Buha ni historia ya maamuzi yaliyofanywa mbali. Katika miaka ya 1930 utawala wa kikoloni uliwahamisha watu na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Baadaye vijana wa Kiha walichukuliwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge katika mashamba ya pwani, na wale waliobaki nyumbani, wanawake na wazee, wakaachiwa jembe na mzigo wote wa malezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuja Operesheni ya kuwahamishia wananchi vijijini. Wakati huo huo, mwaka 1972, mpango wa Madaraka Mikoani uliziondoa halmashauri za wilaya, na mamlaka yakawa mikononi mwa watumishi waliotumwa kutoka juu. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyozirudisha halmashauri hizo, pamoja na kuupa Mkutano Mkuu wa Kijiji heshima yake ya kuwa chombo cha juu katika kijiji.

Kisha wakaja wageni. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, Warundi walivuka mpaka kwa wingi. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu katika Wilaya ya Kasulu kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na mwaka 2015, machafuko yalipozuka tena Burundi, kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa upya. Hapana shaka kwamba wananchi wa wilaya hizi walifanya utu mkubwa. Waliwapokea ndugu zao, ambao wengi wao wanazungumza lugha inayokaribiana sana na Kiha, kabla magari ya mashirika hayajafika. Lakini ni dhahiri pia kwamba mzigo ulikuwa wao: misitu ilikatwa kwa ajili ya kuni, na akina mama wa vijijini wakalazimika kutembea masafa marefu zaidi kutafuta nishati ya kupikia.

Kwa miaka mingi misaada ilipita mbele ya macho ya wenyeji ikaishia ndani ya kambi. Mwanakijiji aliyemwona mkimbizi akigawiwa unga, mafuta na chumvi, naye mwenyewe hana akiba ya kufikia mavuno, alikuwa na haki ya kuuliza. Ilikuwa mwezi Septemba 2017 ndipo ulipozinduliwa Mpango wa Pamoja wa Kigoma, uliokutanisha mashirika 16 ya Umoja wa Mataifa, ili maendeleo ya wenyeji yatazamwe pamoja na mahitaji ya wakimbizi katika wilaya za Kibondo, Kasulu na Kakonko. Ulikuwa uamuzi mwema, ila ulikuja zaidi ya miaka 20 baada ya Nyarugusu kufunguliwa.

Wakati huo wananchi wenyewe walikuwa wamekwisha kubuni njia yao. Katika masoko ya pamoja yaliyokuwa jirani na kambi, mkulima wa Kasulu aliuza ndizi na muhogo wake, na mkimbizi akauza sehemu ya mgao wake ili apate mboga. Desemba 2016 Shirika la Chakula Duniani lilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi wa Nyarugusu fedha taslimu badala ya chakula, na fedha hizo zikaingia moja kwa moja katika mzunguko wa biashara ya vijiji. Mwaka uliofuata mpango huo ulisimamishwa, na baadaye masoko hayo nayo yakafungwa au kuwekewa masharti makali. Serikali ilikuwa na sababu zake za usalama, wala hatuzidharau. Tunalosikitikia ni kwamba mkulima aliyepoteza soko hakuwa na baraza ambamo angesikilizwa kabla ya uamuzi kutolewa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika masoko yale mgeni na mwenyeji walikuwa wameanza kushika jembe moja.

Upo mfano mwingine unaotupa moyo. Mwezi Agosti 2012, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la TASAF, ulianzisha mpango wa kunusuru kaya maskini, na awamu yake ya pili ikazinduliwa Februari 2020. Utaratibu uliowekwa ulistahili sifa. Kijiji kilikutana, kikachagua watu wa kuzitambua kaya zenye dhiki, majina yakahakikiwa kwa maswali maalumu, kisha yakarudishwa mbele ya mkutano wa kijiji ili wananchi wakubali au wakatae. Kaya iliyopata ruzuku ilitakiwa kuwapeleka watoto shuleni, na wale wadogo kliniki. Wenye nguvu walifanya kazi za umma kwa ujira, kama vile kutengeneza barabara.

Wazo la kwamba jirani ndiye amjuaye maskini si geni ulimwenguni. Mwaka 1853 mji wa Elberfeld nchini Ujerumani, ulioelemewa na ufukara wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, uligawanywa katika mitaa midogo midogo, na kila mtaa ukapewa raia wa kujitolea aliyetembelea kaya zisizozidi nne. Miji mingi ya Ujerumani iliiga mpango huo. Hata hivyo ulikuwa na kasoro: msimamizi alikuwa mtu mwenye mali, na maskini alikuwa mtu wa kuchunguzwa tu, asiye na kauli. Katika zama zetu miji ya Ulaya imejaribu kuirekebisha kasoro hiyo. Mji wa Bologna nchini Italia, kwa mfano, mwaka 2014 ulitunga kanuni zinazowawezesha wakazi kuafikiana na halmashauri ya mji juu ya kutunza pamoja bustani, majengo na huduma za mtaa. Sisi tunacho chombo ambacho wao wamekitafuta kwa muda mrefu, nacho ni mkutano wa kijiji. Upungufu wetu ni kwamba mara nyingi tunakiita kuja kupiga makofi.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, kila orodha ya wanaostahili msaada, uwe wa mpango wowote ule, isomwe hadharani mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na aliyeachwa apewe nafasi ya kudai haki yake bila ya kuogopa mwenyekiti wala mtendaji. Pili, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria ya mwaka 2018 iliitenga kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, itangazwe hesabu zake vijijini. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024. Mwananchi wa Kibondo anayo haki ya kujua ni vikundi vipi vimekopa na ni vipi vimerejesha.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, wilaya zijiandae kwa siku wahisani watakapoondoka. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na ya Mtendeli mwaka 2021. Kambi inapofungwa, zahanati, visima na ajira zilizoizunguka hutikisika. Mali hizo zikabidhiwe kwa maandishi, halmashauri ikijua gharama za kuziendesha na kijiji kikijua wajibu wake wa kuzilinda.

Ustawi wa jamii haupimwi kwa wingi wa vibao vya miradi vilivyopangwa kando ya barabara ya Kasulu hadi Kibondo. Hupimwa kwa mjane asiye na mtu wa kumsemea, kama jina lake lilisomwa, na kama lilipoachwa alikuwapo jirani wa kusimama na kuuliza kwa nini. Viongozi wa vijiji na wa halmashauri wanayo sheria ya kuwawezesha. Tunawataka waitumie.