Je, Wajua? Bati la Walikale katika mstari

Je, wajua kwamba mgodi wa Bisie, huko Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulitoa tani 12,493 za bati mwaka 2022, tani 12,568 mwaka 2023 na 17,324 mwaka 2024? Katika jedwali la kompyuta, andika miaka kwenye safuwima ya kwanza, tani kwenye ya pili, zichague zote, kisha ingiza grafu ya mstari. Angalia sana: programu huweza kuichorea miaka mstari wake! Acha wazi kisanduku kilicho juu ya miaka, nayo itakaa kwenye mhimili wa chini. Mstari utakaribia kulala, kisha utapanda ghafla, kwani mwaka 2024 sehemu mpya ya mgodi huo, Mpama Kusini, ilianza uzalishaji. Machi 2025 vita viliusimamisha mgodi hadi Aprili. Ukitaka kuliona pengo la kusimama huko kwenye grafu, tumia takwimu za kila mwezi.