Shingo inapasuliwa, mgonjwa anapiga stori!

Hebu weka vidole viwili kando ya koromeo lako, msomaji. Upande mmoja tu, taratibu. Unasikia panadunda? Huo ndio mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Mafuta yakigandamana humo ndani, njia inakuwa nyembamba, na kipande kikibanduka kikapanda juu, ujue ni kiharusi hicho.

Tiba mojawapo ni kuuchana mshipa na kukwangua ule uchafu. Daktari Michael DeBakey aliifanya kazi hiyo Houston, Marekani, mwaka 1953. Lakini jamani, utachanaje bomba wakati maji yanapita? Lazima damu ifungwe kwanza kwa vibanio, na ubongo nao haujui kusubiri. Ukikosa damu kabisa, dakika chache tu unaanza kufa.

Bahati nzuri, chini ya ubongo mishipa imeungana kama duara, hivyo upande mmoja ukifungwa, wa pili unausaidia. Ila wapo watu ambao duara lao lina pengo. Sasa daktari atawajuaje?

Mashine zipo, tena kali. Ipo inayosoma umeme wa ubongo, ipo inayofuatilia mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti. Lakini iliyoniacha hoi mimi ni mashine isiyo na waya: mgonjwa mwenyewe, akiwa macho! Hapewi nusu kaputi, anapigwa ganzi shingoni tu. Akichanwa kushoto, mkono wa kulia anashikishwa mdoli wa mpira, ule wa watoto unaolia, maana ubongo wa kushoto ndio unaoongoza mkono wa kulia.

"Minya, mzee!" Mdoli unalia kwii. "Unaitwa nani?" Anajibu. Kibanio kinafungwa. Mdoli ukinyamaza, au mzee akaanza kuburuza maneno, hakuna mjadala: kinapachikwa kijibomba cha muda, damu inapitia humo, kazi inaendelea.

Usije ukadhani nusu kaputi ni ushamba. Utafiti wa GALA wa mwaka 2008 uliwafuatilia wagonjwa 3,526. Waliopata kiharusi au shtuko la moyo, au kufariki ndani ya siku 30, walikuwa asilimia 4.8 kwa waliolazwa usingizi na 4.5 kwa waliopigwa ganzi. Karibu sawa tu. Mie ningechagua mdoli. Ila mwenye woga, au asiyeweza kulala chali bila kukohoa, huyo analazwa usingizi, na daktari anabaki na mashine zake.